Mwaka Tuliohesabu Harusi

Sufuria ilifika kwenye matanga kabla yangu. Nilipoingia uani kwa marehemu Papa Zihindula, kule Nguba, niliikuta iko tayari juu ya mafiga, imejaa maharagi, na akina mama wawili wanayakoroga kwa zamu kwa sababu mwiko ulikuwa mzito. Ni sufuria ya alumini, pana kiasi cha kumwogeshea mtoto ndani, na mkono wake mmoja umefungwa kwa waya. Kwa kawaida inakaa kwangu, chini ya kitanda cha wageni, lakini wenye harusi na wenye msiba huja kuichukua bila kuomba sana, maana mtaa mzima unajua kwamba si yangu peke yangu. Nitaeleza ilivyopatikana. Kwanza niseme kwamba Papa Zihindula ndiye aliyekuwa mkubwa wangu wa kazi ya kwanza, na kwamba siku ile nilimlilia kwa sauti, mimi ambaye mume wangu husema huwa nalia mara moja kwa kila rais.

Wanaume walikuwa wamekaa chini ya turubai, kwenye viti vya plastiki, wakizungumza lile lile linalozungumzwa Bukavu nzima siku hizi: benki zilizofungwa, watu wanaovuka mpaka kwenda kutafuta pesa zao wenyewe, ushuru ambao leo unalipwa hapa na kesho haijulikani utalipwa wapi. Kijana mmoja alisoma taux, kiwango cha kubadilishia dola, kwenye simu yake, mwenzake akampinga kwa taux nyingine aliyotumiwa asubuhi hiyo hiyo. "Donc, iko inapanda ao iko inashuka?" mzee mmoja akauliza, akimtazama kila mtu kwa zamu. Nikawa nawaza kwamba kama marehemu angekuwa amekaa pale na sisi, asingeuliza habari ya dola kabisa. Angeuliza nani anaoa mwezi huu. Wangemwona mzee amechanganyikiwa, wampe chai.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la magodoro, Nyawera, na kwa sababu hiyo nguo zangu za kazi zilinuka sponji mwaka mzima. Kulikuwa na meza mbili, ubao mweusi wa shule, mashine ya kupigia chapa, na dirisha ambalo ukisimama kwa ncha za vidole uliona kipande cha ziwa. Simu za mkononi zilikuwa bado kitu cha wachache. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu na licence, shahada yangu ya uchumi, nikiamini kwamba nchi ina mtu mwingine mmoja tu anayeelewa mambo, yaani profesa wangu. Papa Zihindula alikuwa amefundisha pia, kisha akaacha na kuanzisha jarida: karatasi moja iliyokunjwa, inayotoka kila Jumatano, yenye bei ya unga wa muhogo, maharagi, mafuta ya mawese, sukari, makaa tunayoyaita makala, sabuni, petroli, pamoja na taux. Kando ya kila bei tulichora mshale, juu au chini. Walioinunua walikuwa wafanyabiashara, wakuu wa shule, mapadri, na ofisi chache za misaada. Alikuwa na suti moja ya kahawia na alikunywa chai bila sukari. Nilipomuuliza sababu, alijibu bila kucheka: "Sukari iko mu liste yetu. Nikiikunywa, naipandisha bei."

Mwaka ule hakuna aliyejua wakubwa wanataka nini. Asubuhi redio ilitangaza kwamba ushuru wa bidhaa za mpakani umepanda. Jioni ilisema jambo hilo linachunguzwa. Kesho yake yule aliyesaini alikuwa ameshahamishwa. Mara noti mpya inakuja, mara haiji. Mara kodi za nyumba zilipwe kwa franka tu, mara kila mtu afanye anavyoelewana na mwenye nyumba. Kila tangazo lilifika sokoni Kadutu kabla yangu. Nilikuta mfuko wa unga uliouzwa vizuri jana umefichwa nyuma ya pazia, na mwenye nao ananiambia hana unga, huku kaka yake ameukalia. Siku mbili baadaye unga ulirudi mbele na bei ilishuka nusu ya njia. Mishale yetu ilipanda na kushuka mpaka mkuu mmoja wa shule akatuandikia kwamba jarida letu linamtia kizunguzungu. Wateja walitaka jibu la swali moja. Hawakusema mdororo wa uchumi, walipanda ngazi, wakafuta jasho, wakasema: "Papa, iko namna gani? Tulete bidhaa ao tungoje?" Na Papa Zihindula, mtu aliyezoea kujibu, alibaki akitazama ubao.

Asubuhi moja alifuta ubao wote, akaweka chaki chini. "Mademoiselle Nsimire," akasema, "hii bei yote iko inasikiliza radio. Miye nataka kitu yenye haisikilizake radio."

Nilitaja umeme. Akasema umeme wenyewe haupo. Nilitaja kreti za bia, akasema watu hunywa wakifurahi na hunywa wakilia, utazitenganishaje? Kisha akasema alichokuwa amekiwaza usiku kucha, bila shaka, maana macho yalikuwa mekundu. "Harusi. Mutu analeta unga ku nyumba juu ya njaa. Analeta makala juu ya baridi. Lakini hakuna mutu anaoa juu ya njaa. Mutu anaoa kama anaona mbele yake kuko njia. Tutahesabu matangazo ya ndoa."

Msomaji ambaye si wa kwetu ajue kwamba tunaposema 'juu ya' tuna maana ya 'kwa sababu ya', na kwamba parokiani, baada ya komunyo, katekista husoma majina ya wanaotaka kuoana, jozi kwa jozi, kwa Jumapili tatu mfululizo, ili mwenye kujua kizuizi akiseme. Papa Zihindula alikwenda kwa mapadri aliowafahamu, akapewa hesabu za mwaka uliotangulia ili awe na cha kulinganishia, maana alijua kiangazi ni msimu wa harusi na hakutaka kudanganywa na msimu. Tuligawana parokia. Mimi nilisali misa ya kwanza Kadutu, kisha nikapanda mlima kwenda nyingine kabla jasho halijakauka. Yeye alichukua za Ibanda na Bagira. Nilikuwa nakaa benchi la nyuma na kipande cha penseli, nikipiga kistari kwa kila jozi, na nilijifunza haraka kumsikiliza katekista anaposema ni tangazo la kwanza, la pili au la tatu, vinginevyo ungewaoza watu wale wale mara tatu. Kuna bibi mmoja aliyekaa karibu nami aliyeamini kwamba nahesabu wanaume waliobaki. Alinishika mkono akaniambia nisikate tamaa.

Miezi ilivyokwenda, mstari wa hesabu hiyo ubaoni ulianguka. Papa Zihindula aliuchora kwa chaki nyeupe na hakuuonea haya. Akaandika katika jarida kwamba watu wanaahirisha, kwamba anayeahirisha harusi ataahirisha pia bati, saruji, kitanda na kabati, na kwamba wafanyabiashara wasijaze maghala. Aliandika vizuri. Waliomsikiliza walimshukuru baadaye, na jina letu lilipanda mjini. Hata leo sioni kosa katika sehemu ile ya kazi yetu, na nikisoma siku hizi jinsi wataalamu wanavyohesabu taa za usiku kutoka angani ili wajue kama uchumi unapumua, naona sisi na penseli yetu hatukuwa wajinga.

Tatizo ni kwamba mmoja wa walioahirisha nilikuwa mimi. Nilikuwa nimechumbiwa na Bisimwa, mwalimu wa hesabu, mwanaume mwembamba mwenye kicheko kikubwa kuliko kifua chake. Nilimpenda, na niandike wazi kwamba nilikuwa nimechoka kumpenda kwa kutembelewa. Harusi ilipangwa baada ya Pasaka. Wazazi wa wanafunzi wakashindwa kulipa, mshahara wake ukawa ahadi, harusi ikasogezwa mwanzo wa kiangazi. Kisha ikasogezwa tena, na tena. Nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu, tante Jenoroza, na jikoni kwake ndiko nilikojifunza uchumi ambao chuoni haukuwepo: sambaza za Ijumaa, wale samaki wadogo wa ziwani, zilipungua sahanini mpaka kila mtu akawa anajua zake, na bugali uliongezwa ili kufunika nafasi iliyobaki wazi. Jioni moja nikichambua lenga-lenga nyuma ya mlango, nilimsikia tante akiongea na jirani yake. "Mutoto ya batu anaahirishwa mara tatu, basi iko nini tena pale?" jirani akasema. Tante akajibu kwamba ni nyakati. "Nyakati!" jirani akacheka. "Nyakati haiogopake mwanamuke muzuri." Nilikata mboga zile ndogo ndogo sana siku hiyo.

Aliyeshika mambo upande wa Bisimwa alikuwa baba yake mdogo, Tonton Mugisho, muuza saruji na misumari. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamefika kwetu, isipokuwa mmoja aliyekuwa bado njiani kwa miezi mingi. Lakini karamu ilikuwa juu ya Tonton, na Tonton alikuwa msomaji mwaminifu wa jarida letu. Kila alipolisoma, alisogeza harusi yetu. Nilipiga chapa kwa mikono yangu mwenyewe maneno yaliyokuwa yananichelewesha, kisha nikayapeleka dukani kwake Jumatano, akanishukuru na kunipa soda. Bisimwa aliacha kucheka. Rafiki yake alikuwa amemwandikia kutoka Kindu kwamba huko kuna shule inayolipa. "Kama banaahirisha tena," akaniambia tukiwa tumesimama nje ya lango la tante, "miye naenda Kindu. Ntarudia siku Mungu atataka." Niliwajua wasichana waliowasubiri wanaume waliokwenda Kindu. Wengine bado wanawasubiri.

Ndipo padri wa parokia yetu ya Kadutu alipotangaza harusi ya jumla. Misa moja, turubai moja, jiko moja, keki moja, kwa wote ambao nyakati zimewashinda. Bisimwa alitaka tuandikishwe siku hiyo hiyo. Mimi niliona haya, siwezi kuficha. Msichana mwenye licence, wa ofisi, anaolewa kwa kundi kama watu wanaopanda mashua. Lakini niliona haya kwa siku mbili tu, halafu nikaifikiria Kindu. Tonton alikubali kwa shida, akishika jarida mkononi: "Bon. Kwa vile mambo iko mubaya, na mukubwa wako anaandika asema itakuwa mubaya zaidi, muende. Lakini miye sitakaa mbele." Hilo lilitutosha. Ofisini sikusema kitu. Nilipanga kumwambia Papa Zihindula nikishavaa pete.

Jumapili majina yetu yaliposomwa mara ya kwanza, sikuweza kukaa katika benchi lile na penseli nikijipigia kistari mwenyewe. Nilimwomba mkubwa wangu tubadilishane parokia, nikasingizia ndugu mgonjwa Bagira. Basi yeye akaenda Kadutu, na mimi nikasali Bagira, nikiwa nimeshika moyo, maana sasa yeye ndiye atakayelisikia jina langu. Jumatatu alipanda ngazi akiimba. Sikuwa nimewahi kumsikia akiimba kabla ya siku hiyo, na kusema kweli sauti haikuwepo. Alikwenda ubaoni bila kuvua kofia, akauvuta ule mstari kutoka chini mpaka karibu na ukingo wa juu.

"Kadutu peke yake, Mademoiselle! Peke yake! Nilihesabu mpaka penseli ikavunjika. Na parokia ya Bagira?"

"Bagira pia, Chef. Wengi." Ilikuwa kweli. Parokia zilikuwa zimeigana.

"Uchumi iko inaamuka! Na bakubwa babadilishe matangazo vile banapenda, watu bameona njia. Andika!"

Nilisimama kando ya mashine. Mmoja wa vistari vile nilikuwa mimi. Alikuwa amekaa pale, amesikia jina langu na la Bisimwa likisomwa kwa kipaza sauti, amepiga kistari, na hakusikia. "Chef," nikasema, "mumoja mu hawa ni miye."

Aligeuka. Uso wake ulifunguka kwa furaha ya kweli, akanishika mikono yote miwili. "Kumbe! Félicitations! Unaona? Hata weye!"

"Hapana, Chef. Tunaoa kwa jumla. Juu hatuna kitu. Bale bote ulisikia Kadutu, ni harusi moja."

Ilichukua muda maneno yale kuingia. Matangazo ya harusi ya jumla husomwa kama mengine yote, jozi kwa jozi, na katekista hakuwa ameeleza. Papa Zihindula alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba aliweka kitu humo. Kisha mwalimu aliyekuwa ndani yake akaamka. Akasema inawezekana wengine wanaoa kwa sababu mambo yanatengenea, kwamba mtu mmoja si takwimu, kwamba mimi naongea kwa moyo. Nikamjibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia ofisini: "Chef, ulisema hakuna mutu anaoa juu ya njaa. Siye njo tunaoa juu ya njaa." Halafu akasema Jumatano haingoji, akakaa kwenye mashine na kupiga chapa mwenyewe kwa vidole viwili.

Jarida lilitoka na mshale unaotazama juu. Alhamisi Tonton Mugisho alituita mimi na Bisimwa. Sebule yake naiona bado: makochi mekundu yenye vitambaa vyeupe vya kufuma, picha ya Moyo Mtakatifu, saa ya ukutani iliyosimama zamani. Chupa za soda zilikuwa zimefunguliwa tayari, na hapo nikajua kwamba habari ni mbaya, maana Tonton huwa anauliza kwanza unataka nini. Jarida lilikuwa mezani. "Mukubwa wako mwenyewe," akaniambia kwa upole, "anaandika asema uchumi iko inaamuka. Basi kwa nini tuoe sawa batu bakosefu? Tungoje kidogo. Noeli ao Pasaka, tutafanya harusi yenye batu batasema. Ntaondoa majina kwa padri." Bisimwa aliweka chupa yake chini bila kuinywa, akasimama, akamuaga baba yake mdogo kwa heshima na kutoka. Nilimfuata mpaka barabarani. Alitembea haraka mpaka njia panda. Aliniambia lori la kwanza la kuelekea njia ya Kindu linaondoka Jumatatu.

Sikulala, na sitaki kuandika zaidi ya hapo kuhusu usiku ule. Asubuhi nilipanda ngazi za ofisi nikiwa nimevaa kandambili, nikamkuta Papa Zihindula anakunywa chai yake chungu. Nilimwambia yote: Tonton, soda, Kindu. Nilimwambia kwamba mshale wake umevunja harusi ileile iliyouchora. "Ulinihesabu," nikasema, "lakini haukunisikia. Jina yangu ilipita mu masikio yako." Nililia, na kilichoniudhi ni kwamba nililia mbele ya ubao, chini ya mstari ule uliopanda. Hakunipoza. Aliniuliza wachumba wa harusi ya jumla wanafundishwa siku gani. Nikamwambia leo jioni, kwenye ukumbi wa parokia. "Tutaenda," akasema.

Alikwenda na suti yake ya kahawia. Alikaa kwenye benchi za watoto wa katekisimu, magoti yakigusa kidevu, akawauliza mmoja mmoja: unaitwa nani, kwa nini sasa? Fundi viatu akasema kwamba wanaishi pamoja tangu zamani, ila sasa wameamua kwa kuwa hawatapata tena nafasi ya bure. Msichana mwenye kitambaa cha manjano alisema mchumba wake amekosa kazi na ndugu za msichana mwenyewe wanataka kumrudisha kwao. Akiwa mke hatarudi. Mwingine alisema tu: "Papa, kama tunangoja mambo itengenee, tutaoa mbinguni." Watu walicheka, na yeye akacheka pia. Alipomaliza wote alikuwa amejaa majina. Njiani, badala ya kushuka kuelekea kwake, alikata kwenda Nyawera, mimi nyuma yake, mpaka mlangoni kwa Tonton Mugisho.

Nimeona watu wakubwa wakikiri makosa mara chache sana maishani mwangu, na wengi walifanya hivyo kwa njia iliyowapa wengine makosa hayo. Papa Zihindula alikataa kiti. "Papa Mugisho," akasema akiwa amesimama katikati ya makochi mekundu, "miye njo nilikosea. Niliandika uongo bila kujua. Batoto wengi banaoa juu mambo iko mubaya, si juu iko muzuri. Usijaze saruji mu dépôt kwa kunisikiliza. Na usitoe hawa batoto ku liste." Tonton aliuliza, kwa sauti ya mfanyabiashara, kama ina maana atalipa jarida ambalo halijui juu na chini. Papa Zihindula akasema anaweza kuacha kulilipa. Kisha akaongeza, na sauti ikamgeuka kidogo: "Lakini kama hawa hawana parrain wa kuwasimamia ku ndoa, miye niko." Kutoka jikoni mke wa Tonton akasema kwamba chakula kiko tayari na kwamba mtu haachi parrain amesimama. Tukala maharagi na ndizi. Tonton hakutoa majina yetu. Bisimwa alipoambiwa, alicheka kile kicheko chake barabarani mpaka mbwa wakabweka.

Tulioana kwa jumla Jumamosi moja ya mwisho wa kiangazi, vumbi likiwa mpaka kwenye shela. Maua yalikuwa shada moja. Mpiga picha alilipitisha kutoka kwa bibi harusi mmoja hadi mwingine, ndiyo maana katika picha zetu zote shada ni lile lile, likizidi kulala. Tonton Mugisho, aliyesema hatakaa mbele, alikaa mbele. Papa Zihindula alifika akisaidiwa kubeba ile sufuria, mpya, inang'aa, akaiweka kwenye nyasi mbele ya turubai. "Hii haiko ya mutu mumoja," akatangaza. "Iko ya ninyi wote. Mutapeana kwa zamu." Tukapikia humo siku hiyo hiyo. Jumatano ya kwanza baada ya jioni ile kwa Tonton, jarida lilikuwa limetoka na mshale unaotazama chini, na juu yake sentensi ambayo niliipiga chapa mimi: Wiki iliyopita tulihesabu vibaya. Wateja kadhaa walituacha, na katika miezi iliyofuata, maduka yalipofungwa moja baada ya jingine, baadhi yao walirudi. Jumatatu ya kwanza baada ya harusi mkubwa wangu aliniita Maman, na hakuniita Mademoiselle tena.

Haya yote niliyawaza nikiwa nimekaa karibu na jiko la matanga, moshi ukinipa ruhusa ya kulia. Bora, binti wa marehemu, alikuja kukaa kando yangu akiwa na sahani. Aliniambia kwamba miezi yake ya mwisho baba yake alikuwa hatoki kitandani, na kila Jumapili walipotoka misa alimuuliza habari za matangazo ya ndoa. "Tulizani anataka hesabu," Bora akasema, "juu ya kazi yake ya zamani. Namwambia, Papa, ni wengi. Anakasirika. Anasema: sikukuuliza ngapi. Nilikuuliza banaitwa banani." Nikamshika mkono.

Jumapili baada ya mazishi nilikwenda misa Kadutu na Bisimwa, ambaye sasa anatembea kwa fimbo na bado anacheka. Baada ya komunyo katekista alifungua karatasi, akaanza kusoma, na akaendelea kusoma. Orodha ilikuwa ndefu. Mwanamke mbele yetu alimwambia mwenzake kwa sauti ya furaha kwamba mambo yanaanza kutengenea. Tulipotoka, Bisimwa, mwalimu wa hesabu, akaniuliza: "Walikuwa bangapi?"

"Sijui," nikamwambia. "Wa mwisho anaitwa Riziki, mutoto ya ule mama anauzishaka makala ku kona. Mubwana yake ni Amani, ule alikuwa anafanya kazi ku benki."

Bisimwa alisimama, akaegemea fimbo. "Banaoa kwa jumla?"

"Kwa jumla."

Tulipita kwa Bora, tukaichukua sufuria ikiwa bado na masizi ya matanga, Bisimwa akishika mkono wenye waya na mimi ule mzima, tukaipeleka kwa mama wa makala.